Divai ya volkeno: bei iko kwenye lebo au kwenye glasi?

WAFANYABIASHARA wa divai wana mtihani wao ambao hauna majibu ya kukariri. Chupa huvishwa mfuko ili lebo isionekane, divai humiminwa kwenye glasi, na mwonjaji hutakiwa aeleze ni zabibu ya aina gani, imelimwa wapi, ni ya mwaka gani na ubora wake ni wa daraja lipi. Akishamaliza hayo, mnunuzi aliyemwajiri humwuliza swali moja tu: inunuliwe kwa bei gani?

Kwa mtazamaji wa nje huo ni mchezo wa watu wenye pesa na nafasi. Sokoni si mchezo. Chombo kiitwacho Institute of Masters of Wine, kilichoanzishwa London mwaka 1955, huwapa watahiniwa wake karatasi tatu za kuonja, na kila karatasi ina divai 12 zisizo na jina. Wenzao wa Court of Master Sommeliers, ambao mtihani wao wa kwanza ulifanyika mwaka 1969, huwapa divai 6 na dakika 25. Wanaofaulu ni wachache, nao ndio wanaopanga orodha za hoteli kubwa na kuwashauri waagizaji. Neno lao laweza kuondoa mzigo ghalani au kuuacha ukae.

Nguvu ya chupa iliyofunikwa ilionekana mjini Paris Mei 24, 1976, pale mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier alipowaita majaji wa Kifaransa waonje divai za kwao pamoja na za California bila kuona lebo. Majaji hao waliweka nafasi ya kwanza divai za Marekani, nyeupe ya Chateau Montelena na nyekundu ya Stag's Leap Wine Cellars, zote za mwaka 1973. Tangu siku hiyo hakuna mnunuzi aliyeweza kusema kuwa bei ya Ufaransa ni ya haki kwa sababu tu ni ya Ufaransa.

Hivi sasa swali hilohilo linaelekezwa kwenye divai nyeupe ya zabibu iitwayo Assyrtiko, kutoka kisiwa cha volkeno cha Santorini, Ugiriki. Bei yake imepanda kwa kasi. Je, kilichopanda ni kilichomo ndani ya chupa, au ni picha ya machweo iliyobandikwa juu yake? Hata msomaji ambaye dini yake haimruhusu kugusa kileo ana sababu ya kufuatilia jibu, kwa kuwa hoja iliyopo ni ya bei na thamani, na hiyo haichagui bidhaa.

Kisiwa chenyewe

Santorini, ambacho Wagiriki hukiita pia Thira, kina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 76. Hakifiki hata sehemu moja ya ishirini ya Unguja. Kilipata umbo lake la sasa kutokana na mlipuko mkubwa wa volkeno uliotokea takriban miaka 3,600 iliyopita, uliofukia kila kitu kwa majivu na mawe mepesi yenye vitundu. Udongo wake hauna mfinyanzi wa kutosha, na hilo liligeuka kuwa bahati. Mdudu wa filoksera, aliyeangamiza mashamba ya mizabibu barani Ulaya katika karne ya 19, hawezi kustawi humo. Kwa hiyo, wakati wakulima wengi wa Ulaya wanalazimika kubebesha mizabibu yao juu ya mashina ya Kimarekani yanayomhimili mdudu huyo, mzabibu wa Santorini bado unasimama juu ya mizizi yake wenyewe, na baadhi ya mizizi hiyo ina umri mkubwa kuliko mkulima anayeihudumia na baba yake.

Kilimo chake ni cha taabu. Upepo wa bahari ni mkali na mvua karibu hainyeshi wakati wote wa kiangazi. Mkulima husuka matawi ya mzabibu yakawa kama kikapu kilichokaa chini, umbo wanaloliita kouloura, na zabibu hukua ndani ya kikapu hicho zikikingwa na upepo na jua. Unyevu mwingi hutokana na ukungu wa usiku unaopanda kutoka baharini. Trekta haiwezi kupita juu ya vikapu hivyo, na mavuno kwa ekari ni madogo sana. Gharama ya kilo moja ya zabibu, basi, iko juu hata kabla ya dalali yeyote kuigusa.

Jinsi inavyotambuliwa

Mwonjaji hodari hafanyi kazi kwa ndoto. Anafanya kama mkaguzi wa hesabu anayefuta makosa moja baada ya jingine mpaka libaki lisilofutika.

Rangi haimsaidii sana, maana ni ya manjano hafifu kama divai nyingine mia. Harufu humsaidia kwa kile isichokuwa nacho. Assyrtiko haipigi kelele puani. Haina manukato ya waridi wala ya majani mabichi, na kwa sababu hiyo zabibu zenye harufu kali kama Muscat, Gewürztraminer na Sauvignon Blanc hutolewa mapema. Hubaki limau, ganda la limau, na kitu kinachokumbusha moshi au mawe mawili yaliyogonganishwa.

Ushahidi mkubwa uko mdomoni. Katika nchi za joto, zabibu inavyozidi kuiva ndivyo sukari inavyopanda na uchachu unavyoshuka. Sukari ndiyo inayogeuka kileo, kwa hiyo divai ya nchi ya jua aghalabu huwa na kileo kingi na uchachu mdogo, na ya nchi ya baridi huwa kinyume chake. Assyrtiko huvunja kanuni hiyo. Huvunwa mapema, kwa kawaida mwezi Agosti, ikiwa imeiva barabara na kutoa kileo cha asilimia 13, 14 na hata zaidi, lakini uchachu wake unabaki wa kukunja uso kama wa ndimu. Mambo hayo mawili kukaa pamoja ndiyo saini yake. Juu yake huongezeka ukakasi kidogo, mfano wa ule wa ganda la tunda bichi, na mwisho wake ulimini kuna chumvichumvi.

Hapo mwonjaji huanza kuwaita washukiwa. Riesling kavu ina uchachu huo, lakini hutoa maua na, ikikaa, harufu ya mafuta ya taa, na mara nyingi kileo chake ni kidogo. Albariño ya Uhispania nayo ina chumvi ya bahari, ila ina upichi na mwili mwepesi. Chablis ya Ufaransa ni kavu na kali, lakini kwa kawaida uchachu wake umelainishwa kwa uchachuaji wa pili, na haina ukakasi ule.

Wagumu zaidi ni ndugu wa volkeno. Carricante ya mlima Etna, kisiwani Sicily, ina ukali na harufu ya tufaha bichi, ila ni nyembamba zaidi mdomoni na kileo chake huwa chini. Divai za kisiwa cha Pico katika Azores, Ureno, ambako mizabibu hukingwa kwa kuta za mawe meusi, zina chumvi na uchachu wa kutosha kumpoteza mtu, lakini nazo ni nadra kuwa na uzito wa ile ya Santorini. Mwonjaji akipata uchachu wa Etna ndani ya mwili wa nchi ya jua kali, anaandika Assyrtiko na kuweka kalamu chini.

Penye walakini

Ni vyema, hata hivyo, ikaeleweka kuwa kuitambua zabibu si sawa na kukitambua kisiwa. Assyrtiko haiko tena Santorini pekee. Imepandwa Attica, Makedonia ya Ugiriki na Krete. Nchini Australia, kampuni ya Jim Barry ilileta vipande vya mzabibu huo kutoka Santorini ikavipanda katika bonde la Clare, na ikatoa divai yake ya kwanza ya biashara ya mavuno ya mwaka 2016. Zote hizo zina uchachu wa mama yao. Kinachopungua, kwa kauli ya waonjaji wengi, ni uzito na ile chumvi ya mwishoni, na kinachoongezeka ni utunda. Tofauti hiyo ipo, lakini ni nyembamba kuliko tofauti ya bei.

Walakini wa pili ni mwonjaji mwenyewe. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, akiwamo Frédéric Brochet, walitangaza matokeo ya jaribio ambalo divai nyeupe ilitiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, na wanafunzi 54 wa elimu ya divai wakaielezea kwa maneno ya divai nyekundu. Mwaka 2008 Robert Hodgson, mtengenezaji divai wa California na mtaalamu wa takwimu, alionyesha kuwa majaji wa mashindano ya jimbo hilo walipoletewa divai ileile mara tatu bila kujua, ni kama asilimia 10 tu walioweza kuipa daraja lilelile la medali. Mfanyabiashara anayejaza ghala kwa sababu ya medali moja ya dhahabu anapaswa kuisoma taarifa hiyo kabla ya kusaini hati ya benki.

Walakini wa tatu ni neno lenyewe "volkeno". Tangu mtaalamu wa Kanada John Szabo alipotoa kitabu chake kuhusu divai za volkeno mwaka 2016, neno hilo limekuwa likibandikwa kwenye orodha za hoteli kama muhuri wa ubora. Mwanajiolojia Alex Maltman wa Wales amekuwa akipinga kwa hoja nzito dhana kwamba mzabibu hunyonya ladha ya mwamba na kuipeleka kwenye glasi. Udongo wa volkeno hubadili namna mzabibu unavyopata maji na chakula, na kwa njia hiyo waweza kubadili uchachu na mavuno. Hilo ni jambo moja. Kudai kuwa mnywaji anaonja lava ni jambo jingine, na anayelipia lava analipia maneno.

Chema hakikujiuza

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Historia ya Santorini inaonyesha kuwa methali hiyo inahitaji sharti moja. Katika karne ya 18 na ya 19 divai tamu ya kisiwa hicho, Vinsanto, itengenezwayo kwa zabibu zilizoanikwa juani, ilikuwa na soko kubwa Urusi, ambako ilitumika hata katika ibada za Kanisa la Kiorthodoksi. Mapinduzi ya mwaka 1917 yalilifunga soko hilo. Julai 1956 tetemeko kubwa la ardhi likabomoa vijiji na kuwafukuza wakazi wengi. Kwa miaka mingi baada ya hapo, zabibu ileile, kwenye udongo uleule, ilitoa divai iliyouzwa kwa bei ya chini na kunywewa na watu wasiojali imetoka wapi.

Chema kilikuwapo, ila hakikujiuza. Kilichobadilika si zabibu. Serikali ya Ugiriki ililinda jina la Santorini kisheria mwaka 1971. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Boutari ilijenga kiwanda kisiwani na kuleta mitambo ya kupoza, ili zabibu ya Agosti isiharibike kabla haijachachuka. Wakafuata wenye viwanda wadogo, mathalani Sigalas mwaka 1991 na Gaia mwaka 1994. Kuanzia hapo divai ilikuwa safi kiasi cha kutambulika, na waonjaji wa London na New York walipoletewa chupa zilizofunikwa walianza kuuliza ni kitu gani hiki. Sharti la methali ni hilo. Chema hujiuza pale tu panapokuwa na mtu wa kukitofautisha na kibaya, na pale mwenye nacho anapokifikisha sokoni kikiwa hakijaharibika.

Wauzaji wa bidhaa nyingine hawana haja ya kuambiwa hivyo mara mbili. Kwenye mnada wa chai wa Mombasa, hakuna mnunuzi anayeuliza jina la kiwanda lilivyopambwa. Waonjaji hupanga vikombe, wanavuta, wanatema, na bei ya mzigo hufuata kilichoonekana kikombeni. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, nao wakiwa kwenye udongo wa volkeno, wanajua kuwa alama za mwonjaji huweza kutofautisha bei ya gunia la jirani na gunia la jirani. Tofauti ni kuwa chai na kahawa huonjwa kabla ya kuuzwa, wakati chupa nyingi za divai huuzwa kabla ya kuonjwa.

Nani anakula faida

Bei ya kilo ya zabibu za Santorini imepanda mara kadhaa tangu miaka ya 2010 ilipoanza, na sasa ni miongoni mwa bei za juu kabisa Ugiriki. Kwa mkulima hiyo ni habari njema, lakini mkulima huyo ana mshindani asiyelima. Watalii wanaofika kisiwani kila mwaka ni wengi mno kulinganisha na wenyeji, na kiwanja cha hoteli hulipa haraka kuliko shamba la vikapu. Vijana hawana hamu ya kuinama kutwa chini ya upepo kusuka matawi wakati mhudumu wa hoteli analipwa kivulini. Eneo la mizabibu limekuwa likipungua.

Mbingu nazo hazikusaidia. Mavuno ya mwaka 2023 na 2024 yalikuwa hafifu sana kutokana na ukame na joto, na mwanzoni mwa mwaka 2025 mfululizo wa mitetemeko uliwafanya maelfu ya watu wakihame kisiwa kwa muda. Uhaba wa namna hiyo hupandisha bei bila kupandisha ubora hata chembe, na hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Kitu adimu na kitu bora ni bidhaa mbili tofauti, ingawa mara nyingine hukaa kwenye chupa moja.

Hoja inayopaswa kusemwa wazi ni kwamba bei ya Santorini ina tabaka tatu. La kwanza ni gharama halisi ya kilimo kigumu na mavuno madogo. La pili ni ladha ambayo mwonjaji anaweza kuithibitisha chupa ikiwa imefunikwa. La tatu ni jina, machweo na neno volkeno. Tabaka mbili za kwanza zina msingi. La tatu ni povu, na povu hushuka. Mnunuzi anayeshindwa kutenganisha tabaka hizo anampa dalali ruhusa ya kumpangia bei.

Lakini kosa la upande wa pili ni kubwa vilevile. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa majaji hukosea, basi ladha yote ni hadithi na anayelipa zaidi ni mjinga. Huko ni kukimbia moshi na kuangukia motoni. Mizani mbovu sokoni haimaanishi kuwa sukari haina uzito, inamaanisha kuwa ipimwe mara ya pili kwa mizani nyingine. Uchachu na kileo vya Assyrtiko hupimika maabara, havitegemei mate ya mtu. Na ikiwa soko litakataa kulipia tofauti iliyopo kweli, mkulima wa kouloura atauza shamba kwa mwenye hoteli, na mzabibu uliomshinda filoksera utang'olewa na tingatinga. Hasara hiyo haitarudishwa na bei nzuri ya mwaka utakaofuata, kwa kuwa mzizi wa miaka mia hauagizwi kwa barua ya benki.

Kwa mfanyabiashara mdogo

Anayefikiria kuagiza divai ya aina hii kwa ajili ya hoteli na maduka anaweza kujilinda kwa gharama ndogo. Achukue chupa tatu: moja ya Santorini, moja ya Assyrtiko kutoka bara la Ugiriki, na moja ya divai nyeupe kavu ambayo wateja wake tayari wanainunua. Azifunike, awape watu watano au sita wanaofanana na wateja hao, na awaulize mambo mawili tu: ipi ni tofauti, na wangelipa kiasi gani. Arudie siku nyingine kwa kubadilisha mpangilio. Wakiitambua ile ya kisiwa mara zote mbili na wakaitaja kwa bei ya juu, basi kuna biashara. Wakiipenda ya bara sawasawa, aagize ya bara na abaki na mtaji wake. Wakichagua ile waliyoizoea, asiwalaumu. Wamemwokoa.

Anayefikiria kuzinunua na kuziweka ili bei ipande aende taratibu zaidi. Ni kweli kwamba Assyrtiko nzuri, kwa sababu ya uchachu wake, huweza kukaa miaka kumi na kuzidi kunoga, jambo lisilo la kawaida kwa divai nyeupe. Lakini hukaa hivyo kwenye ubaridi na giza. Katika joto la mji wa pwani, ghala la bati hugeuza mtaji kuwa siki kabla mwenye mali hajamaliza kupiga hesabu ya riba. Isitoshe, mnunuzi wa chupa kuukuu atataka kujua imehifadhiwa wapi, na maneno matupu hayatamtosha.

Lebo ina kazi yake. Humwambia mnunuzi ni nani wa kudaiwa mali ikiwa mbovu, na sheria ya mwaka 1971 humhakikishia kuwa jina la Santorini halikuokotwa njiani. Zaidi ya hapo, lebo haionjwi. Mwenye kuweka pesa yake azoee kuifunika chupa kwanza, aamue anachoweza kulipa, kisha ndipo aifunue na kusoma bei iliyoandikwa. Bei hizo mbili zikikaribiana, anunue. Zikiachana sana, ajue kuwa tofauti hiyo ndiyo gharama ya picha ya machweo, na picha hiyo inauzwa kwa bei nafuu zaidi kwenye kadi ya posta.